Daftari la Stoo

Funguo saba, mmoja hauna mlango.
Bi Nyanzala alinikabidhi zote Ijumaa
akanionya kuhusu ule usio na mlango:
"Usiutupe. Siku moja mtu atauulizia."
Kisha akapanda bodaboda kwenda Ipuli, kustaafu,
ndoo ya asali mapajani,
hakugeuka nyuma.

Miaka ishirini na sita katika bwalo la chuo,
wanafunzi elfu moja na mia nne, masufuria tisa,
na bomba linalokohoa Jumatatu likatoa maji Alhamisi.
Sikuwahi kumwona ameketi ofisini.
Ofisi aliijaza viazi.
Kiti cha meneja kilikaa karibu na jiko la tatu,
na mwenye mimba miongoni mwetu ndiye aliyekikalia.

Alijua mguu wa nani huvimba ikifika saa saba.
Alijua Mzee Kapela, mpasua kuni,
sikio lake la kushoto limekufa;
kila alfajiri alizunguka hadi upande wa kulia
amwambie "Mwangaluka,"
na neno la kuni lilingoja zamu yake.

Mimi aliniajiri nioshe vyombo.
Mwezi wa tatu nilibeba mchele ndani ya kanga,
nikaufunga tumboni.
Getini alinitazama kidogo tu.
"Kalekwa, mimba hiyo ina miezi mingapi?"
Nikajua nimekwisha.
Akanirudisha stoo, akauweka mchele kwenye mizani.
Nilidhani nimechota kilo mbili.
Mizani ikasema mbili na robo;
hata wizi sikujua kupima.
Akafungua daftari, akaandika kwa wino wa bluu:
"Mchele, kilo mbili na robo. Umekopwa na Kalekwa.
Nyumbani wako sita."
Hakuniuliza kama ni sita.
"Hapa hatuibi," alisema. "Tunaandika."

Nililipa robo, robo, wiki tisa.
Wiki ya kumi wengine wakaja kuandikwa,
bila kufunga kitu tumboni.

Mkaguzi alikuja mwaka wa mvua nyingi,
akayaona majina yetu, akavua miwani.
"Huu ni mkopo wa sheria ipi?"
"Tafuta deni lisilolipwa," Bi Nyanzala akamjibu,
"ukilipata, nikate mimi."
Akatafuta hadi saa nane. Akala ugali na nsansa ya karanga,
akaomba nyongeza,
halafu akamwandikia barua ya onyo.
Barua ipo. Aliibandika nyuma ya mlango wa stoo
tuione tunapopima unga,
tujue bei.

Hii ni wiki yangu ya pili.
Jana maharage yaliungua jiko la tano
na mimi nikamfokea Luhende mbele ya foleni nzima,
kwa sauti ambayo sikujua ninayo.
Hakujibu.
Alifuta mikono kwenye aproni, akaifuta tena,
mikono ambayo ilikuwa mikavu.
Wanafunzi wakaangalia sahani zao.

Usiku treni ya Kigoma ilipopiga honi, nilikuwa macho.
Saa kumi nipo jikoni, peke yangu na jivu na mchanga,
nalisugua lile sufuria.
Weusi umetoka, si wote.
Nimefungua daftari, nimetafuta kalamu ya bluu:
"Heshima. Imechukuliwa na Kalekwa kutoka kwa Luhende,
mbele ya watu. Italipwa mbele ya watu."
Pale pa kipimo nimeacha wazi.
Mizani yetu inaishia kilo hamsini.

Sasa baiskeli yake inaponda kokoto pale nje.
Nimenawa. Nimesimama mlangoni
nikijiuliza nizungukie upande gani.
Miaka minne tumemenya viazi kwenye beseni moja
na sijui nyumbani kwake wako wangapi.